Matatizo ya dira ya mwanga melini: dalili, sababu na hatua za kuchukua kwa vyombo vya Ziwa Tanganyika

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya manahodha, washika usukani na mafundi wa umeme wanaohudumia vyombo vinavyotoka Kigoma kwenda Kalemie, Bujumbura, Mpulungu na vituo vya mwambao wa kusini, ambavyo vimefungwa dira ya mwanga au viko katika matengenezo ya kufungwa dira hiyo. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu nahodha aliye katikati ya safari huona dalili kwanza, na sababu huitafuta baadaye. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia, na ukaguzi usiohitaji kifaa chochote umewekwa kabla ya ule unaohitaji mita ya umeme au kompyuta.

Ni lazima kwanza tuelewane kuhusu dira yenyewe, maana nusu ya malalamiko hutokana na kuitarajia ifanye kazi kama dira ya sumaku. Ndani ya kisanduku chake hamna sindano ya sumaku wala gurudumu linalozunguka. Kuna koili tatu za uzi mwembamba wa kioo, yaani faiba ya aina inayofanana na ile ya mkongo wa mawasiliano, kila koili ikielekezwa upande wake. Mwale wa mwanga hugawanywa, nusu moja ikapita kwenye koili kwa kuzungukia kulia na nusu ya pili kwa kuzungukia kushoto, kisha nusu hizo hukutanishwa tena. Koili ikiwa imetulia, nusu zote mbili hufika pamoja. Ikizunguka hata kidogo, moja hutangulia na nyingine hukawia, na tofauti hiyo ndogo mno hupimwa na kugeuzwa kuwa kasi ya mzunguko. Georges Sagnac wa Ufaransa alionyesha jambo hili mwaka 1913, ambao pia ni mwaka wa ujenzi wa meli tunayoiita leo Liemba, huko Papenburg nchini Ujerumani. Hata hivyo ilibidi kusubiri hadi mwaka 1976 ndipo koili ya faiba ilipotumiwa kwa kazi hiyo.

Koili hizo huhisi hata mzunguko wa dunia, ambao ni takriban digrii 15 kwa saa. Zikisaidiwa na vipima mchapuko vinavyotambua upande ulio chini, kompyuta ya dira hukokotoa ilipo kaskazini halisi, yaani kaskazini ya mhimili wa dunia na si ile ya sumaku. Kutokana na hilo, chuma hakiwezi kuidanganya dira hii, lakini inategemea mambo mengine matatu: umeme usioyumba, taarifa sahihi ya kasi na latitudo ya chombo, na kisanduku kilichofungwa sambamba na mkuku wa meli. Uharibifu wa koili yenyewe ni nadra. Anayeanza ukaguzi kwa kufungua kisanduku ameanzia mwisho, na huenda akaharibu kifaa kilichokuwa kizima.

Dira haiwaki, au huzima na kuwaka yenyewe

Sababu ya kawaida kabisa ni umeme hafifu. Vifaa hivi kwa kawaida hutumia umeme wa betri wa volti 24, na vyombo vingi huchukua umeme huo kutoka betri zilezile zinazowasha injini. Injini inapopigwa stata, volti hushuka ghafla kwa sekunde chache; taa za chumba cha usukani hufifia kidogo tu na hakuna anayejali, lakini kompyuta ya dira huzima na kuanza upya. Chunguza kama tukio hutokea wakati wa kuwasha injini, winchi au pampu kubwa. Likifuatana na mojawapo ya hivyo, jibu limekwisha kupatikana: dira ipewe betri yake ya akiba yenye chaja yake, na itenganishwe na betri za stata.

Ikiwa tukio halina uhusiano na injini, kagua fyuzi, kisha vichwa vya betri, kisha kila mahali waya umeunganishwa. Mvuke wa ziwa hauna chumvi kama wa bahari, na kwa sababu hiyo mafundi wengi hupuuza kutu; hata hivyo unyevu wa masika, pamoja na vumbi la saruji inayopakiwa gatini, hutosha kabisa kula shaba ya waya uliokatwa na kufungwa kwa utepe. Pima volti kwenye plagi ya dira yenyewe wakati dira inafanya kazi, si kwenye betri. Seti ya betri za volti 24 iliyojaa na kupumzika husoma zaidi kidogo ya volti 25. Ukikuta tofauti ya volti moja au zaidi kati ya betri na plagi, waya ni mwembamba mno au kiungo kimelegea.

Sababu ya tatu, iliyo nadra lakini nzito, ni radi. Ukanda huu hupigwa sana na radi kuanzia Novemba hadi Aprili, na si lazima chombo kipigwe moja kwa moja. Radi inayopiga karibu huweza kupitisha umeme kwenye waya wa antena hadi ndani ya vifaa. Dira iliyokataa kuwaka baada ya usiku wa radi, huku fyuzi na volti vikiwa sawa, isijaribiwe tena na tena. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji.

Onyo moja linahusu uchomeleaji. Chombo kikiwa chelezoni au gatini na mafundi wanachomelea chuma popote melini, chomoa plagi ya umeme na plagi za mawasiliano za dira kabla ya kazi kuanza. Umeme wa mashine ya kuchomelea hutafuta njia yake ya kurudi, na waya wa dira ni njia mojawapo.

Inawaka, lakini taa ya utayari haitokei

Dira ya mwanga ikiwashwa haiijui kaskazini papo hapo. Inahitaji muda wa kuupima mzunguko wa dunia, ambao kwa vifaa vingi ni kati ya dakika chache na nusu saa hivi, wakati dira za zamani zenye gurudumu zilihitaji saa kadhaa. Katika muda huo skrini inaweza kuonyesha namba, na namba hizo zinaweza kuonekana za kuaminika, lakini zisitumiwe. Malalamiko mengi ya aina hii huisha pale nahodha anapoamua kuiwasha dira mapema, chombo kikiwa bado kimefungwa gatini na abiria wanaendelea kupanda.

Ikiwa nusu saa imepita gatini na taa bado haijatokea, angalia GPS. Dira huchukua latitudo na kasi kutoka humo, na isipozipata huweza kusubiri bila kikomo. Antena iliyofunikwa na paa la bati, au iliyozungukwa na mizigo ya abiria iliyopangwa juu ya chumba cha usukani, haioni setilaiti za kutosha. Kama latitudo imeingizwa kwa mkono, hakikisha imeandikwa ya kusini: Kigoma iko karibu digrii 4 na dakika 53 kusini mwa ikweta, na kifaa kilichotoka kiwandani kikiwa kimewekewa alama ya kaskazini kitakuwa kinarekebisha mzunguko wa dunia upande usio wake.

Kuwasha dira katikati ya mawimbi ni jambo jingine. Pepo za kusini-mashariki zinapovuma kati ya Mei na Septemba, chombo hupanda na kushuka na kuyumba kwa pamoja, na dira huchukua muda mrefu zaidi kutulia. Si hitilafu. Lakini ziwa hili halimpi nahodha nafasi ya kutia nanga popote na kusubiri, kwa kuwa kina chake hufikia takriban mita 1,470 na hata karibu na mwambao chini huporomoka ghafla. Dira iliyozimika katikati ya ziwa itatulia huku chombo kikienda, na kwa muda wote huo usukani ushikwe kwa mkono kwa kufuata dira ya sumaku.

Hapa inafaa kusahihisha imani inayosikika mara kwa mara, kwamba karibu na ikweta dira za namna hii huchanganyikiwa. Ukweli ni kinyume chake. Sehemu ya mzunguko wa dunia ambayo dira huitumia kutafuta kaskazini ina nguvu zaidi ikweta na hupungua kadiri unavyokwenda kwenye ncha za dunia. Katika latitudo ya digrii 60 usahihi wa dira hupungua kwa nusu ukilinganishwa na ikweta. Kigoma hupata zaidi ya asilimia 99 ya nguvu hiyo. Kama dira haitulii Kigoma, mahali pasilaumiwe.

Kosa ni lilelile kila upande unaoelekea

Chombo kikielekea kaskazini dira inazidisha digrii 2, kikielekea mashariki inazidisha digrii 2, na kusini vivyo hivyo. Kosa lisilobadilika kwa upande wowote lina sababu moja inayoshinda zote: kisanduku hakijafungwa sambamba na mstari wa katikati ya meli. Mara nyingi hutokea baada ya ukarabati wa chumba cha usukani, pale seremala au mchomeleaji anapokifungua kisanduku ili apate nafasi, kisha akakirudisha kwa kukadiria kwa macho.

Ukaguzi wake ni rahisi na hufanyika gatini. Funga chombo kikiwa kimenyooka sambamba na ukingo wa gati, kamba zikiwa zimekazwa omo na tezi, kisha linganisha somo la dira na uelekeo wa gati kama unavyosomeka kwenye ramani. Rudia chombo kikiwa kimegeuzwa, ili omo itazame upande wa pili. Tofauti ikibaki ileile mara zote mbili, ndiyo ya kurekebisha. Tofauti ndogo huingizwa kwenye mipangilio ya dira kama namba ya marekebisho. Tofauti kubwa irekebishwe kwa kukifungua na kukifunga upya kisanduku, kwa sababu kisanduku kilichopinda sana hupotosha pia vipimo vya kuyumba kwa chombo.

Wengine hupenda kukagua kwa jua, na njia hiyo ni nzuri ikifanywa kwa uangalifu. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba jua huchomoza karibu kabisa na digrii 090 ukiwa Kigoma, mwishoni mwa Juni huchomoza karibu na 066, na mwishoni mwa Desemba karibu na 113. Tatizo ni kwamba ziwa hili limelala bondeni. Jua linalochomoza nyuma ya milima ya upande wetu, au kuzama nyuma ya milima ya Kongo, limekwisha kuwa juu ya upeo wa kweli au bado halijaufikia, na hizo namba hazifai tena. Anayetaka kutumia jua alipime likiwa limepanda angani, kwa jedwali la mwelekeo wa jua la saa na mahali husika, na asitegemee kuchomoza wala kuzama.

Dira hukosea njia ya kaskazini na ya kusini, lakini mashariki na magharibi iko sawa

Hii ndiyo dalili inayopaswa kueleweka vizuri kuliko zote kwa anayefanya kazi katika Ziwa Tanganyika, na ndiyo inayofumbua mafumbo mengi ya vyombo vinavyodaiwa kuvutwa na maji.

Dira huhisi mzunguko, na haina njia ya kutenganisha yenyewe mzunguko wa dunia na ule unaosababishwa na mwendo wa meli juu ya duara la dunia. Katika latitudo ya Kigoma, uso wa dunia unakwenda mashariki kwa kasi ya takriban noti 900, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa. Meli inayokwenda kaskazini kwa noti 10 huchanganya noti zake 10 na zile 900, na matokeo yake ni kwamba kaskazini inayohisiwa na dira huhama kuelekea magharibi kwa takriban digrii 0.6. Ikienda kusini, huhama kuelekea mashariki kwa kiasi hichohicho. Ikienda mashariki au magharibi, kosa hili halipo kabisa. Ni sheria ya maumbile, haihusiani na ubora wa kifaa, na watengenezaji huiondoa kwa hesabu: dira hupokea kasi na latitudo kutoka GPS, ikakokotoa kosa na kulitoa.

Sasa tazama umbo la ziwa letu. Lina urefu wa takriban kilomita 673 na upana wa wastani wa kilomita 50 tu, nalo limelala karibu kaskazini hadi kusini. Meli ya baharini hubadili mwelekeo siku nzima. Meli ya hapa hukaa saa nyingi ikielekea kaskazini au kusini, na kwa hiyo hukaa saa nyingi katika upande ambao kosa la kasi ni kubwa kuliko pande zote. Taarifa ya kasi ikikatika, mshika usukani anayefuata 000 kwenda kaskazini anakuwa kwa kweli anaelekea 359.4, na anayefuata 180 kwenda kusini anakuwa anaelekea 180.6. Pande zote mbili chombo hulalia magharibi, kuelekea Kongo. Katika mwendo wa maili 60 za baharini mkengeuko huo hufikia zaidi ya kilomita moja, na usiku wa ukungu wa mvua kilomita moja si kitu cha kudharau.

Kwa hiyo, chombo kinapoonekana kusukumwa magharibi wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, usiukimbilie mkondo wa maji kama maelezo. Kwanza angalia kwenye skrini ya dira kama kasi inayosomeka ndiyo ya sasa. Sababu inayojirudia zaidi ni waya wa GPS uliochomoka au GPS iliyozimwa na mtu aliyetaka kutumia soketi yake. Sababu ya pili ni kasi iliyoingizwa kwa mkono siku GPS ilipoharibika na ikasahauliwa humo. Ikiwa imeandikwa kubwa kuliko mwendo halisi, kosa hugeuka na chombo hulalia mashariki. Ya tatu ni dira kuchukua kasi kutoka kipimo cha kasi ya majini kilichojaa uchafu chini ya meli, hivyo kikasoma pungufu.

Marekebisho ni kurudisha kasi ya GPS, kufuta thamani ya mkono, na kuipa dira dakika kadhaa kabla ya kuiamini. Kama skrini inaonyesha kasi na latitudo sahihi na bado kosa linabadilika kati ya kaskazini na kusini, hapo tatizo liko ndani ya programu ya kifaa, na mwenye chombo asiendelee zaidi ya hapo.

Dira ya mwanga na dira ya sumaku hazikubaliani

Malalamiko huja yakiwa yamegeuzwa: nahodha aliyeishi na dira ya sumaku miaka mingi husema dira mpya ni mbovu. Katika hali nyingi dira mpya ni nzima, na ya zamani ndiyo inayodanganywa.

Jiulize kwanza kama ulikwisha kuhesabu tofauti kati ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku. Kwetu tofauti hiyo ni ndogo, lakini ipo na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ichukuliwe kwenye ramani mpya. Halafu tazama shehena. Kigoma ni mlango wa saruji, nondo na mabati yanayokwenda Kongo na Burundi, na tani kadhaa za nondo zilizolazwa sitahani mbele ya chumba cha usukani huisogeza sindano ya sumaku kwa kiasi kikubwa, kisha huirudisha zikishapakuliwa. Chombo kinaweza kutoka Kigoma na kosa moja na kurudi na jingine. Dira ya mwanga haitikiswi na shehena hiyo hata kidogo, na hapa ndipo faida yake kwa vyombo vyetu inapoonekana wazi kuliko mahali pengine popote.

Kisha tazama ndani ya chumba cha usukani. Spika ya redio, simu iliyoegeshwa kando ya dira, tochi yenye sumaku ya kubandikia na bisibisi za fundi vyote huivuta sindano. Viondolewe, kisha ulinganishe upya.

Ikiwa tofauti inabaki na inapanda na kushuka kadiri chombo kinavyogeuka, ni mkengeuko wa chuma cha meli yenyewe, na dira ya mwanga iliyotulia ndiyo chombo bora cha kuupima. Siku ya maji tulivu, ukiwa mbali na gati na reli, zungusha meli polepole, ukisimama kwenye kila digrii 45, na uandike masomo ya dira zote mbili. Ukitoa tofauti ya sumaku ya dunia, kinachobaki ni jedwali la mkengeuko. Jedwali hilo libandikwe kando ya dira ya sumaku na lipimwe upya kila baada ya matengenezo makubwa, na vilevile baada ya meli kupigwa na radi, kwa sababu radi huweza kuubadilisha usumaku wa chuma cha meli nzima.

Kuna jambo dogo la kuongeza kwa wanaoagiza dira za sumaku kutoka Ulaya. Ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano hulala sawa bila kuinama upande wowote, hupita Afrika karibu na latitudo ya digrii 10 kaskazini, kwa hiyo kwetu ncha ya kusini ya sindano ndiyo inayoinama. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya huwekewa uzito upande huohuo wa kusini, na ikifika hapa huinama maradufu na kukwaruza. Uliza kabla ya kununua.

Dira ya sumaku isiondolewe melini kamwe kwa kisingizio kwamba ipo ya kisasa. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli baharini, katika sura ya 5, zinaitaka kila meli iwe na dira ya sumaku, au njia nyingine isiyotegemea umeme, hata kama ina dira ya jairo, yaani dira inayotafuta kaskazini kwa kuhisi mzunguko wa dunia kama hii ya mwanga, kwa sababu ya sumaku haihitaji umeme.

Rada, ramani ya skrini au usukani wa kujiendesha haupokei mwelekeo

Skrini ya dira yenyewe inasoma vizuri lakini vifaa vingine havioni kitu. Mara nyingi ni nyaya mbili za mawasiliano zilizobadilishana nafasi, ile ya A ikawekwa kwenye B. Zibadilishe na uangalie. Ikishindikana, linganisha kasi ya kutuma data pande zote mbili; vifaa vya kawaida hutumia biti 4800 kwa sekunde, ilhali dira nyingi za kisasa hutuma mwelekeo kwa 38400, na kifaa kilichowekwa 4800 hakitaelewa chochote.

Vifaa kadhaa vinaweza kusikiliza dira moja, lakini dira mbili hazipaswi kamwe kuunganishwa kwenye waya mmoja zikituma kwa pamoja.

Tatizo la hatari zaidi hapa ni lile lisiloleta alamu. Ujumbe wa mwelekeo halisi huwa na herufi HDT, na ule wa mwelekeo wa sumaku huwa na HDG. Rada iliyowekwa kusoma HDG kutoka dira ndogo ya kielektroniki ya sumaku itaonyesha mwelekeo bila kulalamika, na mwelekeo huo utayumba pamoja na nondo zilizoko sitahani, huku nahodha akiamini anatumia dira ya mwanga. Ingia kwenye mipangilio ya kila kifaa na uthibitishe chanzo. Usukani wa kujiendesha usiwashwe mpaka uthibitisho huo ukamilike, na kwa mara ya kwanza uwashwe katika maji mapana mchana.

Namba zinatambaa au zinatetemeka bila meli kugeuka

Angalia kama kisanduku kimefungwa kwenye ukuta unaopakana na chumba cha injini au juu ya bomba la moshi. Faiba huathiriwa na joto linaloipata upande mmoja mapema kuliko mwingine, kwani nusu mbili za mwanga hupita sehemu hiyo kwa nyakati tofauti na dira hulisoma joto hilo kama mzunguko. Watengenezaji wamelipunguza tatizo hili sana kwa namna wanavyozungusha koili, lakini hawajaliondoa kabisa. Kibati cha kukinga jua, au kukihamishia kisanduku karibu na katikati ya meli, husaidia. Mtetemo wa injini huleta namba zinazotetemeka. Kaza boliti na ukifunge kisanduku kwenye fremu ngumu, si kwenye ubao.

Ikiwa joto na mtetemo havihusiki, na namba zinaendelea kutambaa chombo kikiwa kimefungwa gatini, huenda chanzo cha mwanga ndani ya kifaa kimechakaa au koili imepata athari. Simama hapo. Usifungue kisanduku. Mwanga unaotumika ndani ni wa aina ambayo jicho halioni na ambao unaweza kuliumiza kabla hujajua. Faiba iliyopindwa kidogo tu kupita kiasi hupoteza mwanga. Na kisanduku kikishafunguliwa, vipimo vya kiwandani havirudi bila maabara. Hakuna fundi wa simu au wa redio, hata awe hodari namna gani, anayeweza kukirekebisha mezani.

Unapomwita fundi wa mtengenezaji, mwandalie namba ya alamu kama ilivyoandikwa kwenye skrini, volti kwenye plagi ya dira, masomo ya dira zote mbili katika mielekeo isiyopungua minne, kasi na latitudo zinazosomeka, shehena iliyokuwamo, na kama kulikuwa na radi au uchomeleaji siku za karibuni. Kama chombo kiko katika ukaguzi wa usalama, hitilafu hiyo na hatua zilizochukuliwa ziingizwe kwenye kitabu cha kumbukumbu za meli ili mkaguzi wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania azikute. Mpaka fundi afike, dira ya mwanga ibandikwe karatasi yenye maneno ISITUMIKE, usukani wa kujiendesha uzimwe, rada isiegemezwe kwenye mwelekeo wake, na safari za usiku zisifanyike kwa chombo ambacho jedwali la mkengeuko la dira yake ya sumaku halijapimwa.